Dhima ya Raia: Nasaha kwa Waandishi wa Insha wa Shule za Sekondari, Bagamoyo na Mwambao

Kijitabu hiki kimekusudiwa mwanafunzi wa sekondari wa Bagamoyo, na wa mwambao wote tangu Mapinga hata Saadani, aliyeitwa au atakayeitwa kuingia katika shindano la insha juu ya wajibu wa raia. Mashindano ya namna hiyo hayakosi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina lake, SADC ina lake, na klabu za wapinga rushwa zilizoanzishwa mashuleni kwa uangalizi wa TAKUKURU hushindanisha wanachama wao mara kwa mara. Ila aghalabu mshiriki, akisikia tu kutajwa wajibu, hujaza ukurasa wa kwanza kwa methali na wa pili kwa sifa za viongozi. Na akiwa mtoto wa Bagamoyo huongeza misafara ya pembe na watumwa, kana kwamba mji huu haukutenda jambo jingine tangu makao makuu ya Wajerumani yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Hatumlaumu, maana ndivyo hotuba nyingi za wakubwa zinavyomfundisha. Lakini twamnasihi atazame mahali anapoishi, kisha ambainishie msomaji ni nani mwenye dhima hapo, na ni dhima gani.

Njia hiyo ina mtangulizi mashuhuri. Mwaka 1944 Julius Nyerere, wakati huo mwanafunzi wa Makerere, alipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa insha juu ya wanawake kutiishwa. Alikuwa amemsoma John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1869, na ingalikuwa wepesi kwake kuwarudishia waamuzi maneno ya Mill yakiwa yamepambwa upya; badala yake alizichukua hoja zile akazipima kwa maisha ya Wazanaki, watu wake mwenyewe. Kuhukumu desturi za wengine ni rahisi kwa kila kijana aliyesoma. Kuzipima za nyumbani, kwa adabu na bila kuficha, ndiko kwataka ushujaa, nasi twaona ya kuwa insha ya uraia isiyo na chembe ya ushujaa huo haistahili tuzo, hata ikiwa fasaha namna gani.

Amma kuhusu sheria, mwandishi asome Katiba ya 1977 yenyewe wala asitosheke na muhtasari wake. Ibara ya 26 yamwajibisha kila mtu kuitii Katiba na sheria za nchi, na papo hapo yampa haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba ihifadhiwe. Na ibara ya 27 yamtaka kila mtu alinde maliasili na mali ya umma, na apige vita uharibifu na ubadhirifu.

Sasa aichukue ibara hiyo ya 27 ashuke nayo ufukoni, kwenye soko la samaki, saa ambayo mashua na ngalawa zinaingia na mnadi anapaza sauti juu ya mafungu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeharimisha baruti, na sababu yafahamika: mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mchanga pamoja, na hubomoa matumbawe yaliyo makazi yao, ilhali tumbawe lina aina zikuazo sentimita moja tu au mbili kwa mwaka. Insha ya kawaida ingemlaani mvuvi hapa ikaishia. Lakini samaki wa baruti, akiletwa sokoni, hajifichi kwa mwenye kumjua: ukimpasua wakuta damu imevilia ndani na mnofu umeachana na mwiba, na mama akaangaye samaki pale jirani humtambua kwa kumbonyeza kidole. Basi aliyenadi alijua, aliyenunua alijua, na aliyekula kwa bei nafuu hakuuliza. Dhima imegawanyika kwa watu wengi, kila mmoja akimtupia mwenziwe, na katikati yao imesimama kamati ya wavuvi ya kulinda ufuko, ile iitwayo BMU, ambayo wajumbe wake ni majirani na jamaa wa wale inaopasa kuwaripoti. Hili la mwisho ndilo zito, nasi tungefurahi kuliona limeandikwa kwa tafsili: raia afanyeje, ikiwa mkosaji ni mtu aliyecheza naye utotoni, na kesho watakutana msikitini au mazikoni?

Mikoko yazusha maswali ya jamii hiyo, kwa ajili ya boriti na kuni za tanuri za chokaa. Nayo magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yapo chini ya hifadhi ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mwanafunzi aliyepata kuandika jina lake kwa mkaa juu ya ukuta wa kale anayo mada tayari, akipenda.

Asiusahau mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mwenye miaka 16 hana kura humo, ila hakuna adabu imkatazayo kuuliza nyumbani ni nani aliyehudhuria mkutano uliopita, na mapato na matumizi yalisomwaje. Jibu atakalopewa, hata likiwa kwamba hakuna aliyekwenda, aliandike kama lilivyo.

Juu ya ufundi hatuna mengi. Mwalimu asahihishe tahajia, asitunge. Waamuzi huutambua upesi mkono wa mtu mzima.

Ombi letu lililobaki ni kwa wazee. Mtoto akija na daftari sokoni, au ofisini kwa mtendaji wa kata, au barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaamkia shikamoo na kuanza kuuliza, msimfukuze kwa kumwambia kuwa hayo si mambo ya watoto. Mjibuni, na ikiwa hamtaki majina yenu yatajwe, mwambieni asiyataje.