Dozi ya kwanza si dozi ya mwisho: Dawa za ADHD na mtoto aliye mbali na daktari wake

Huenda wewe ni mzazi unayefanya kazi Nairobi, Kisumu au Mombasa, na mtoto wako anasoma nyumbani mashambani akilelewa na nyanya yake. Mwalimu amelalamika mara nyingi. Mtoto hatulii, hamalizi kazi, anapoteza kalamu kila siku na anajibu swali kabla halijaisha. Ukaweka akiba, ukampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili mwenye kliniki ya kibinafsi, naye akamkuta na hali inayoitwa ADHD. Yaani uwezo wake wa kutulia na jambo moja haulingani na umri wake, na mwili nao ni kama hauna breki. Mkatoka na karatasi ya dawa. Leo tuzungumze juu ya yale yanayofuata baada ya karatasi hiyo, kwa sababu hapo ndipo nimeona wazazi wengi wakipotea.

Nitaanza na kisa cha Karungu, upande wa ziwa katika Kaunti ya Migori. Mvulana wa miaka 9 alikuwa akiishi na nyanya yake karibu na Sori. Mama yake anafanya kazi Nairobi, na ndiye aliyemlipia daktari huko. Mtoto alianzishiwa methilifenideti, dawa ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, miligramu 5 asubuhi na 5 mchana. Alipoletwa kwangu na barua nilimpima, nikaandika kilo 26, nikamwambia nyanya aendelee vivyo hivyo. Sikumpa siku ya kurudi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Wiki 3 baadaye mama alipiga simu, akaambiwa mtoto ni yule yule. Akaagiza kila dozi iongezwe mara mbili. Baadaye ikaongezwa tena, na kidonge cha jioni kikaingizwa ili mtoto afanye kazi ya shule kwa utulivu. Niliporudi kumwona baada ya miezi 3 alikuwa akimeza miligramu 15 mara 3 kwa siku. Nyanya alikuwa na furaha.

"Daktari, sasa amepona. Anakaa kimya tu."

"Mama, anakula?" nilimuuliza.

Akafikiri kidogo. "Chakula cha mchana hagusi. Na usiku halali, hata mimi silali."

Mizani ilionyesha kilo 23. Mtoto alikaa akichezea kucha zake. Nilipomuuliza habari za kandanda, ambayo zamani haikumtoka mdomoni, alitikisa kichwa tu.

Ukimya wa namna hiyo si kupona. Ni dalili kwamba dozi imepita kiasi. Dozi inayofaa humwacha mtoto akiwa yeye mwenyewe, akicheka na kubishana na dada yake, ila sasa anaweza kumaliza hesabu alizopewa bila kuinuka mara sita. Ikiwa mtoto wako amekuwa kama sanamu, mwalimu atafurahi, majirani watafurahi, lakini wewe usifurahi.

Kumbuka pia kwamba miligramu 45 kwa siku haijafika 60, ambayo ndiyo kiwango cha juu cha kawaida kinachoandikwa katika maelezo ya dawa hii. Hata hivyo kwa mtoto huyu ilikuwa nyingi mno. Mtoto mwingine wa kilo zile zile angeihitaji. Kwa methilifenideti uzito wa mtoto hauambii dozi yake. Kinachoiambia ni jinsi mtoto anavyoonekana juma hadi juma. Ndiyo sababu dozi ya kwanza huwa ndogo kwa makusudi. Daktari huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, kisha huongeza jumla ya siku kwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki, akisimama pale faida inapotosha au madhara yanapoanza kusumbua. Nakupa hesabu hizi ili ujue la kuuliza, si ili uzitumie peke yako kama alivyofanya mama yule. Dawa hii haikuidhinishwa kwa watoto walio chini ya miaka 6.

Methilifenideti ya kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, na nguvu zake hudumu takriban saa 4. Kidonge cha saa moja asubuhi kimekwisha kazi saa tano, na ndipo watoto wengi huanza kurukaruka tena, pengine kwa hasira kuliko kawaida. Mwalimu wa somo la kwanza atakuambia dawa ni nzuri, wa somo la mwisho kabla ya chakula atakuambia haifai, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Hapo tatizo si uchache wa dawa bali saa zake. Kidonge cha mchana lazima kishikwe na mtu mzima shuleni, si kwenye mfuko wa mtoto, maana wapo wanafunzi wakubwa wanaokitafuta wakati wa mitihani. Kidonge cha jioni huiba usingizi. Mimi sipendi kuona dozi baada ya saa tisa alasiri.

Kuna pia aina inayoachia dawa polepole kwa saa 8 hadi 12. Angalia sana duka la dawa linapokosa aina moja na kukupa nyingine. Mabadiliko hayo hayafuati hesabu ya moja kwa moja: kidonge cha Concerta cha miligramu 18 hulingana takriban na miligramu 5 za kawaida mara 3 kwa siku. Hicho humezwa kizima, hakisagwi wala kukatwa. Na ukiandikiwa atomoksetini, sahau yote niliyosema kuhusu wiki moja moja. Hiyo hupimwa kwa kilo za mtoto na huchukua wiki 4 hadi 6, hata zaidi, kabla ya kuonyesha kazi yake. Anayeikata tamaa baada ya siku 10 ametupa pesa zake.

(Kwa wapendao historia: methilifenideti ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi, na jina Ritalin lilitokana na Rita, mke wake.)

Kabla ya kupandisha dozi

Dozi ikipanda mara mbili bila faida, simama. Labda kinachomsumbua mtoto si kile unachokitibu. Kando ya ziwa omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku zisizo na mbalamwezi, na alfajiri ufukweni huwa na shughuli nyingi. Mtoto anayeamshwa saa kumi usiku kusaidia kuanika omena atakuwa darasani ama anasinzia ama anahangaika, na mtoto asiyelala vya kutosha hufanana sana na mtoto mwenye ADHD. Hakuna miligramu zitakazoziba usingizi.

La pili ni fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ya kifafa inayotumika sana katika vituo vyetu vya afya. Kwa baadhi ya watoto dawa hiyo yenyewe huleta utundu na ukosefu wa makini. Tena methilifenideti inaweza kuongeza kiwango cha fenobabitoni mwilini. Mweleze daktari wa Nairobi kila dawa anayomeza mtoto, hata ile ya zamani ambayo nyumbani haihesabiwi tena kuwa dawa. Lakini usiikatishe fenobabitoni ghafla, kwa maana degedege linaweza kumrudia kwa nguvu.

Uliza pia kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Tafiti za Kilifi na za Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria hiyo hubaki na matatizo ya makini na ya tabia. Masikio na macho nayo yapimwe.

Daktari mmoja, macho mengi

Madaktari wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi. Kutoka Karungu, ukipitia Migori au Rodi Kopany, hiyo ni safari ya usiku mzima, na nauli ya watu wawili pamoja na ada ya kliniki si mchezo. Basi kabla ya kuondoka kwake, mwombe aandike mpango mzima: anaanzia wapi, anaongeza kiasi gani na siku gani, asipite wapi kabla ya kuzungumza naye, na atapatikana vipi kwa simu. Mengine yanaweza kufanywa hapa nyumbani. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupimwa katika kituo chochote cha afya, kabla ya dawa kuanza na kila dozi inapobadilika. Kama katika ukoo yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana, au mtoto huzimia akikimbia, sema siku ya kwanza.

Nunua daftari la kurasa 48. Kila jioni nyanya aandike saa ya kidonge, alichokula mtoto, saa aliyolala na lolote geni. Mwalimu aandike mstari mmoja kila Ijumaa, na usimwambie ni wiki gani dozi imebadilika, maana sisi binadamu huona tunachotarajia. Uji mzito na mayai viliwe kabla ya kidonge cha asubuhi, wakati hamu ya chakula ingalipo, na chakula cha jioni kiwe kikubwa. Mtoto akizimia, akilalamika maumivu ya kifua, akiona vitu visivyokuwapo au akizungumza habari za kujiua, dawa isimame na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mvulana wa Sori nilimpigia simu daktari wake nikiwa na nyanya chumbani. Aliondoa kidonge cha jioni siku ile, akarudisha dozi kwenye miligramu 5 mara 2, na tukakubaliana kuongeza asubuhi tu, baada ya wiki moja, tukiwa na daftari mkononi. Alitulia kwenye 10 asubuhi na 5 saa sita mchana, ambayo ni theluthi moja ya alichokuwa akimeza. Bado hupoteza kalamu. Mwezi wa nne tangu siku ile alikuwa na kilo 25 na nusu, na nyanya alilalamika kwamba mpira umevunja kioo cha dirisha.