SOMO LA KUNUNUA FLETI YA MAPUMZIKO PWANI

Kununua na kuuza ni halali kwa ijmai ya wanavyuoni, na nyumba ni katika vitu bora mtu avimilikivyo duniani. Wallakini uhalali wa biashara haumtoshi mnunuzi. Yampasa pia akijue kile anunuacho. Kitu kisipojulikana sifa zake, au mipaka yake, au muda wake, mauzo huingia gharari, na gharari imekatazwa kwa sababu huwatia watu katika ugomvi na mali zao katika upotevu.

Katika miaka hii, tangu Diani na Nyali mpaka Kilifi, Watamu na Malindi, yamejengwa majumba ya ghorofa yakabiliayo bahari, yakagawanywa fleti, na fleti zikauzwa moja moja kwa watu watakao mahali pa kupumzikia siku za likizo. Wanunuzi wengine hutoka Nairobi, wengine Ulaya, na wengine ni wana wa pwani wenyewe waliochuma Arabuni wakatamani kurejea kwao kila mwaka. Huyu wa mwisho ndiye aliye karibu zaidi na khatari, kwani hudhani kuwa mambo ya nyumba ameyarithi kwa babu zake. Fleti si nyumba ya babu, wala hukumu zake si zile.

FASLI YA KWANZA: KINACHOUZWA

Mombasa kuna ada ya zamani ya nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya mtu huyu na uwanja ni wa mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye uwanja kodi. Ada hiyo yafahamisha kuwa kuta na ardhi ni milki mbili, na kuwa mtu aweza kumiliki moja bila ya nyingine. Katika fleti jambo hili limezidi, kwani mnunuzi hununua vitu vitatu kwa mkataba mmoja.

Cha kwanza ni vyumba vyake, na mipaka yake ni kuta, sakafu na dari. Cha pili ni fungu lake katika vitu vya shirika, navyo ni ardhi ya jengo, paa, ngazi, lifti, matangi ya maji, njia na birika la kuogelea. Fungu hili ni mushaa. Halikatwi likatengwa, wala haliuzwi peke yake, bali hufuatana na vyumba. Cha tatu ni muda. Ikiwa ardhi ni ya milki ya daima, hapana neno. Ikiwa ni ya pango la miaka 99, mnunuzi hupata miaka iliyobaki tu. Pango lililoanza mwaka 1980 litakwisha mwaka 2079. Basi aliyenunua mwaka 2025 amenunua miaka 54, ingawa dalali alimtajia 99.

Zamani fleti nyingi za Kenya ziliuzwa kwa pango refu, na mnunuzi akapewa hisa katika kampuni iangaliayo jengo. Sheria ya mwaka 2020 juu ya majengo ya fleti imetaka kila fleti iwe na hati yake katika daftari la ardhi, na wenye fleti wote wawe chama kimoja kwa nguvu ya sheria. Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe juu ya dirisha litazamalo bahari. Liwe hili: fleti hii ina hati yake, au ingali ndani ya hati ya jengo zima?

FASLI YA PILI: JENGO AMBALO HALIJAWAPO

Fleti nyingi huuzwa kwa picha na ramani, na mahali penyewe bado ni mchanga na minazi. Katika madhihabu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo pwani, asli ya jambo ni kuwa haisihi kuuza kitu maalumu ambacho hakijakuwapo. Wanavyuoni wa Hanafi wamejuzisha mkataba wa kutengenezewa, uitwao istisnaa. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika mkutano wake wa Jidda wa mwaka 1992, lilipitisha kuwa mkataba huo ni sahihi kwa sharti zake: kitu kielezwe jinsi yake, aina yake, kiasi chake na sifa zake, na wakati wa kukabidhiwa utajwe. Likajuzisha pia thamani ilipwe kwa mafungu, na mjenzi ashurutishwe fidia akichelewa pasipo dharura.

Basi atakayeifuata kauli hii na azitimize sharti zake, asichukue jina la istisnaa akaacha maana yake. Mkataba usemao kuwa fleti itakuwa nzuri na itakwisha karibuni haukueleza kitu. Useme ni ghorofa ya ngapi, vyumba vingapi, mita ngapi, mbao gani na mabomba gani, na siku ya kukabidhi.

Na iko khatari nyingine iliyofichika. Mjenzi huenda ameiweka ardhi rahani benki ili apate fedha za kujengea. Akishindwa kulipa, benki huuza, na mnunuzi ambaye hajapata hati hubaki na karatasi za risiti mkononi. Dawa yake ni kupekua daftari la ardhi kabla ya kutoa hata senti moja, na kuipekua hati ya jengo zima. Ikiwa rahani imo, itakwe barua ya benki yenyewe ikubaliyo kuifungua fleti hiyo mara thamani ilipwapo. Wakili wa mnunuzi asiwe ndiye wakili wa muuzaji. Qurani imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na atoaye fedha leo akabidhiwe nyumba baada ya miaka miwili ni mwenye kudai, naye ana haja kubwa ya kuandika.

FASLI YA TATU: THAMANI NA GHARAMA ISIYOKWISHA

Thamani iliyotajwa siyo yote. Mijini, mnunuzi hulipa serikali ushuru wa stempu wa 4 kwa mia. Fleti ya shilingi 8,000,000 huongezwa shilingi 320,000, mbali na ujira wa wakili.

Asiye na fedha zote hukimbilia mkopo. Mkopo wa benki ulipwao kwa ziada ni riba, na nyumba ya kupumzikia si dharura ya kuihalalisha. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zijitambulishazo kuwa zafuata sharia, nazo huuza kwa murabaha au hushirikiana na mnunuzi, kisha yeye akalinunua fungu la benki kidogo kidogo. Jina halitoshi hapa pia. Katika murabaha, benki lazima iimiliki nyumba kwanza na iichukue dhamana yake, kisha iuze kwa thamani moja ijulikanayo, isiyozidi kwa kuchelewa.

Kisha iko ada ya kila mwezi ya ulinzi, usafi, lifti na maji. Ada hii hailali mwenyewe akisafiri. Tuseme ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120,000. Mtu akilala humo siku 20 tu katika mwaka, kila usiku wamgharimu shilingi 6,000, kabla ya kuhesabu thamani ya nyumba yenyewe. Huenda kwa fedha hiyo angepanga mahali pazuri akaondoka bila deni. Hesabu hii haimkatazi mtu kununua. Yamtaka aifanye kabla, wala si baada.

FASLI YA NNE: MIRATHI

Hapa ndipo wengi walipoghafilika. Sheria ya urithi ya Kenya imeacha mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sharia ya Kiislamu, na makadhi wana mahakama zao kwa Katiba. Wallakini hati huweza kuipita hukumu hiyo. Mume na mke wakiandikishwa kuwa wenye milki moja isiyo na mafungu, mmoja akifa aliyebaki huchukua yote, na fleti haiingii katika mirathi. Watoto hukosa, na wazazi wa maiti hukosa, nao ni warithi waliotajwa katika Kitabu. Wakiandikishwa kila mmoja kwa fungu lake lijulikanalo, fungu la maiti huenda kwa warithi wake. Tofauti ya mambo haya mawili ni maneno machache katika fomu, na mara nyingi hujazwa na karani asiyejua.

Tena fleti haigawanyiki kama shamba. Mtu akifa akaacha mke, wana wawili na mabinti wawili, mali huwa mafungu 48: mke 6, kila mwana 14, kila binti 7. Vyumba viwili havikatwi mafungu 48. Ama mmoja awanunue wenziwe, ama iuzwe, ama ipangishwe na kodi igawanywe kwa mafungu hayo. Na muda wote wakigombana, ada ya mwezi yaendelea. Baba mwenye akili huwaeleza wanawe jambo hili naye yu hai.

MASUALA

Suala: Muuzaji asema kuwa fleti ina pwani yake peke yake. Je, ni kweli?
Jawabu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya ardhi iliyo baina ya upeo wa maji kujaa na upeo wa maji kupwa kuwa mali ya umma. Auzaye pwani hiyo auza asichokimiliki. Wala haijuzu kwa wenye fleti kuziba njia ya wavuvi.

Suala: Mtu wa pwani aliyechukua uraia wa nchi nyingine, akapoteza wa Kenya, hukumu yake nini?
Jawabu: Mbele ya sheria ni mgeni, na mgeni hapati ardhi ila kwa pango lisilozidi miaka 99, ijapokuwa babu zake wamezikwa hapo.

Suala: Je, fleti ina zaka?
Jawabu: Iliyonunuliwa kwa kukaa haina zaka. Ya kupangisha, zaka ni katika kodi iliyobaki ikatimiza nisabu na mwaka. Iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa kwa faida ni mali ya biashara. Hutolewa zaka ya thamani yake kila mwaka, 2.5 kwa mia.

Khulasa ya somo hili ni kuwa mnunuzi aisome hati kabla ya kuitazama bahari. Bahari itakuwapo kesho. Mali ikipotea kwa mkataba mbovu, aghlabu hairudi, na wanaolipa ni warithi ambao hawakutia saini. Wallahu aalam.