Kabla ya Kumwita Fundi wa Sola, Ketini Wawili



Huenda mtashangaa kwa nini ukurasa wa ndoa uzungumze habari za fundi wa sola. Sababu ni hii: katika mitaa yetu ya Eastlands, kutoka Buruburu na Umoja hadi Donholm, Komarock na Kayole, fedha nyingi za familia siku hizi zinapanda juu ya paa. Stima hupotea bila kuaga. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Tokeni nazo huisha kabla ya mwezi kuisha. Basi baba anaona bango njiani, au mama anasikia habari katika chama, na familia inatamani kuwa na umeme wake.

Tamaa hiyo si mbaya. Lakini fedha nyingi zinapotoka nyumbani kwa siku moja, amani nayo inaweza kutoka kwa mlango huohuo.

Fikirini nyumba kama hii, ambayo wengi wetu tunaijua. Mume amechukua mkopo wa SACCO, akamlipa fundi karibu fedha zote, akinuia kumfurahisha mkewe. Paneli zikapandishwa. Betri ikaambiwa iko njiani. Wiki ya tatu simu ya fundi haipatikani. Mke anauliza, "Baba watoto, mkataba uko wapi?" Mume anakasirika, kwa kuwa mkataba haupo. Tangu siku hiyo kila stima ikipotea, ugomvi unawaka. Hapo hasara ya shilingi imezaa hasara ya pili, nayo ni ya kuaminiana. Hasara hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi kulipa.

Tujifunze basi namna ya kuepuka zote mbili.

1. Kubalianeni kwanza

Kabla ya kumpigia fundi yeyote, ketini wawili watoto wakishalala. Jibuni maswali matatu. Tunataka sola ya nini: taa zisizimike, tokeni zipungue, au kuchaji gari la kazi? Tuna shilingi ngapi ambazo si karo wala kodi ya nyumba? Ni nani kati yetu atakayeshika karatasi?

Swali la kwanza ndilo linalosahauliwa. Mume anaweza kuwa anafikiria gari, mke anafikiria friji yake ya kuuzia maziwa. Fundi akija kabla hamjasema, atamsikiliza mwenye sauti kubwa.

Kama mnataka kuweka nyumba rehani ili mpate mkopo, kumbukeni kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Hata pale sheria isipodai sahihi, upendo unadai habari. Mkopo ambao mwenzako anaujua kwa kusikia kwa jirani ni jeraha.

Wapangaji, na hasa wanaokaa katika maghorofa, wana jambo moja zaidi. Paa si lenu. Pateni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, nayo iseme wazi kwamba mkihama mtaondoka na vifaa vyenu.

2. Andikeni mnachotumia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la mtoto mwandike kila kifaa, wati zake, na saa kinazotumika kwa siku. Wati ni nguvu ambayo kifaa kinavuta kwa wakati mmoja. Ukizidisha kwa saa unapata wati-saa, yaani jumla ya kilichotumika.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Taa 6 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 270. Televisheni ya wati 80 kwa saa 5 ni 400. Kifaa cha intaneti cha wati 10 kwa saa 24 ni 240. Friji ya wastani tuiwekee 1,200. Simu na kompyuta ndogo 190. Jumla ni wati-saa 2,300 kwa siku.

Jua la Nairobi ni zuri, lakini Juni hadi Agosti mawingu hutanda. Kwa miezi hiyo hesabuni saa 4 tu za jua kamili kwa siku. Toeni pia kama robo inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na mashine. Kwa hiyo kila wati 1 ya paneli itawapa wati-saa 3. Gawanyeni 2,300 kwa 3 mtapata kama wati 770. Paneli mbili za wati 400 zinatosha nyumba hii. Fundi akisema mnahitaji nane, mwulizeni kwa upole awaonyeshe hesabu yake.

Shawa ya umeme iwekeni kando. Inaweza kuvuta wati 5,000 au zaidi kwa mara moja, na inveta ndogo haiwezi kuibeba. Pasi na birika la umeme pia ni wavutaji wakubwa. Waziwazi mwambieni fundi ni vifaa gani vitabaki kwenye umeme wa Kenya Power. Kisha waambieni watoto na msaidizi wa nyumbani, maana yeye ndiye atakayechomeka pasi wakati ninyi mko kazini.

3. Betri ndiyo inayokula fedha

Paneli hudumu miaka mingi. Betri ndiyo yenye kuchoka. Betri za risasi ni rahisi kununua, lakini mkizitumia kupita nusu kila usiku zinakufa mapema. Betri za lithiamu bei yake ni ya juu, ila hukubali kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi na hudumu muda mrefu kuliko hizo.

Katika nyumba yetu ya mfano, usiku unahitaji taa zote 270, televisheni 400, intaneti nusu siku 120 na friji nusu siku 600. Jumla ni kama wati-saa 1,400. Betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampia-saa 100 ina wati-saa 2,560, na asilimia 80 yake ni 2,048. Usiku mmoja unapita salama. Betri mbili kubwa ni za nini basi? Huenda iko sababu njema, kama mnaogopa stima kupotea siku mbili. Lakini sababu hiyo itoke kwenu, isitoke kwa muuzaji.

4. Chaja ya gari au pikipiki

Wako wanandoa wanaofikiria gari la umeme kwa kazi ya teksi. Hapa hesabu inabadilika kabisa. Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 inabeba wati-saa 40,000. Hizo ni sawa na matumizi ya nyumba yetu ya mfano kwa siku 17. Kwa hiyo anayewaambia kwamba paneli mbili zitawasha nyumba na kujaza gari pia, hasemi kweli. Gari litachajiwa zaidi na umeme wa gridi, nayo sola isaidie inapoweza.

Habari njema ni kwamba si kila mtu anahitaji chaja kubwa ya ukutani. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa siku hutumia kama kilowati-saa 7. Soketi imara yenye waya wake pekee, ikitoa ampia 10, inarudisha kiasi hicho kwa saa 3 hivi usiku. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inavuta ampia 30 na zaidi. Hiyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku kikuu, kikata-umeme chake, na kinga ya kukata haraka umeme ukivuja. Fundi apime kwanza kama laini ya Kenya Power inayoingia kwenu inaweza kuubeba mzigo huo. Msichaji gari kwa waya wa kuunganisha uliopitishwa dirishani. Waya huo unapata moto taratibu nyumba ikiwa imelala.

Mwenye pikipiki ya umeme aulize kwanza inavyotumika. Nyingi hapa Nairobi hubadilishiwa betri vituoni, na hizo hazihitaji chaja nyumbani.

5. Fundi ni nani?

Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka leseni kwa mafundi na wakandarasi, na anayezitoa leo ni mamlaka ya nishati, EPRA. Leseni za mafundi zina madaraja T1, T2 na T3. T3 ndiyo ya juu, nayo ndiyo ya kudai kwa mfumo wa nyumba uliounganishwa na gridi. Anayegusa nyaya za nyumba naye awe na leseni ya ufundi wa umeme. Ombeni leseni yenyewe, mlinganishe jina na kitambulisho, kisha mthibitishe kwa EPRA kama bado inafanya kazi.

Kuwa jirani, binamu au mwanajumuiya hakumfanyi mtu awe fundi. Hapa ndipo ndoa nyingi zinabanwa. Mama anasema, "Tumpe kazi mdogo wangu." Baba anaogopa kukataa. Mjibuni kwa heshima: "Ndugu yetu, lete makadirio yako pamoja na wengine." Akiwa na leseni na bei ya haki, apewe. Asipokuwa nayo, mmeokoa kazi na undugu.

Chukueni makadirio matatu ya maandishi. Kila moja litaje aina na ukubwa wa paneli, betri na inveta, nyaya, kinga, kazi, na dhamana. Karatasi iliyoandikwa "sola kamili" na bei moja chini si makadirio. Nendeni pia kuona kazi moja ambayo fundi ameimaliza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, mkamsikilize mwenye nyumba mkiwa peke yenu naye.

6. Karatasi kabla ya fedha

Mkataba usiwe mrefu, uwe wazi. Uwe na majina, vifaa, siku ya kuanza na kumaliza, dhamana ya vifaa na ya kazi, na ni nani atakayeziba paa likivuja. Muweke sahihi wote wawili. Malipo yaende kwa hatua: kiasi kidogo mwanzoni, kikubwa vifaa vikifika mkavikagua pamoja, kingine kazi ikikamilika, na kama sehemu ya kumi ibaki hadi mfumo ufanye kazi wiki mbili. Lipeni kwa nambari ya biashara iliyo kwenye mkataba, si kwa simu ya kijana aliyekuja kupima. Risiti mziweke pamoja na hati za nyumba, mahali wote wawili mnapajua.

7. Siku ya kazi

Mmoja wenu awepo nyumbani. Kama paa ni la vigae, visivunjwe na kufichwa. Kama ni lile la asbesto la zamani, lisitobolewe, maana vumbi lake linaua mapafu. Paneli zifungwe kwa skrubu ngumu kufungua, kwa sababu wezi wa paa tunawajua. Betri isikae chumba cha kulala wala juu ya jiko.

Kabla ya kupokea kazi, zimeni swichi kuu ya Kenya Power mwone. Je, taa zinabaki? Fundi awaonyeshe waya wa ardhini, kinga ya radi, na swichi ya kuzima kila kitu kukiwa na moto. Athibitishe pia kwamba stima ikipotea, mfumo wenu haurudishi umeme kwenye laini ya nje. Umeme huo unaweza kumuua mfanyakazi aliyepanda nguzo kuwarudishia majirani stima. Naye ni baba wa watu.

Mama na baba wote wajifunze kuwasha na kuzima. Mashine inayojulikana na mmoja tu ni taabu siku atakapokuwa safarini.

8. Mambo yakiharibika

Fundi akitoweka na fedha, msianze kutafuta nani kati yenu alikosea. Anzeni na karatasi. Mwandikieni barua, mkimpa siku za kurekebisha. Asipotii, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, haiwalazimu kuwa na wakili, na sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60. Mkiwa na mkataba na risiti, mna la kusema mbele ya hakimu. Mkiwa hamna, bado mnao ushuhuda wa malipo katika simu. Upelekeni pamoja.

Na yule aliyemwamini fundi mbaya asikumbushwe kila giza likiingia. Kulaghaiwa si dhambi ya mwenzako. Kuficha ndiko kunakovunja nyumba, na aliyesema kweli mapema apewe shukrani kabla ya lawama.

Maswali ya kujadili wawili

1. Ni gharama gani kubwa ya mwisho tuliyoamua pamoja? Ni ipi mmoja wetu aliamua peke yake?
2. Tukiandika vifaa vyetu leo, tunatumia wati-saa ngapi kwa siku?
3. Je, kila mmoja wetu anajua mikopo yote ya mwenzake?
4. Ndugu akitaka kazi asiyoiweza, nani kati yetu atamwambia, na kwa maneno gani?

Yajibuni kabla ya kumpigia fundi simu. Jua litachomoza kesho pia, wala hakuna bei ya "leo tu" inayostahili kuwanyima usingizi.