Mafunzo Niliyopata Kati ya Temboni na Kariakoo

Hapa Nyakahura, wilayani Biharamulo, kijana akiaga kwenda Dar es Salaam, wazee humpa maneno ya njiani: usilale kwenye basi ukasahau mzigo, usimwamini anayejitolea kukubebea begi, ukifika piga simu. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita elfu moja tunaijua, maana barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inapita mlangoni petu na malori ya Rwanda na Burundi hayatuachi tukalala. Safari ambayo hatumsimulii ni ile ya kila siku, kati ya kitanda chake na kazi yake. Hiyo ndiyo itakayomla miaka. Mimi nimestaafu ukarani wa ghala na nimerudi kwetu. Kwa kuwa najua wewe kijana utakwenda tu hata nikikukataza, nakuachia haya.

1. Kodi ina shilingi na ina saa

Nilianza kwa kupanga chumba Magomeni Mapipa. Kutoka pale hadi ghalani, upande wa Gerezani, siku ambayo mfuko umekauka nilikwenda kwa miguu na nikafika kazini kabla ya msimamizi. Lakini mtu wa kwetu asiye na uwanja wake hajioni mtu mzima. Nikanunua kiwanja Kimara Temboni, enzi ambazo ng'ambo ya Ubungo ukitaja ni kama umetaja shamba. Nilipiga hesabu ya matofali, mabati, hata misumari. Ya nauli sikuipiga, na ya saa sikujua kama ipo.

Nilipohamia nikapanda migomba, niikumbuke Biharamulo. Nikawa natoka alfajiri kungali giza na kurudi giza limeshaingia tena. Mgomba wa kwanza ulipozaa, jirani ndiye aliyeniletea mkungu, ndizi zimeiva na ndege wameshazionja, akaniuliza kwa adabu kama shamba lile lina mwenyewe. Mtoto wa mkulima nimeshindwa kuuona mkungu uliokuwa nje ya dirisha langu!

Kwa hiyo ukiambiwa chumba cha mbali ni nafuu, chukua kodi yake, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi ya mwezi mzima, kisha zitie bei saa zako kwa kiwango kile kile anachokulipa mwajiri. Chumba ghali cha karibu na kazi hakitakutisha tena. Sisemi usijenge. Nyumba ya Temboni baadaye ilisomesha watoto kwa kodi za wapangaji. Nasema jenga, mweke mpangaji, wewe mwenyewe usiwe na haraka ya kuhamia.

2. Usikae katikati ya njia

Hili lilinishangaza kuliko yote. Mwenzangu wa ghalani alikaa Mbezi Mwisho, mbele ya kwangu kabisa, lakini asubuhi alifika shati limenyooka na gazeti ameshalisoma. Mimi wa karibu nilifika nimekunjamana kama niliyetolewa kwenye gunia. Nikadhani ana lifti ya siri.

Siri yenyewe ni kwamba daladala zilianzia kwake. Pale alikaa kwenye kiti. Zilipofika Temboni zilikuwa zimejaa, konda ananing'inia mlangoni, dereva hata breki hagusi. Nyingine nilizipungia mkono kama mtu anayeaga wageni. Zikisimama, ni za kusimama kwa mguu mmoja hadi Ubungo.

Jioni Kariakoo mambo yaligeuka vita. Siku za mwanzo nilimwona mzee wa heshima, mkoba mkononi, akiingia dirishani, nikacheka. Haukupita muda mrefu miguu iliyokuwa inaning'inia nje ya dirisha ikawa yangu, na siku moja mfuko wa suruali ukabaki kwenye chuma cha gari la watu. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa ameketi ndani na ndoo yake, aliniambia, “Baba, unapigania nini na umri huo? Tembea nyuma kidogo, lidake likiwa linakuja, ugeuze nalo.” Kugeuza na gari maana yake unapanda linaloelekea mwisho wa njia, unalipa nauli, unakaa, likigeuza unalipa tena. Unarudi nyuma ili uende mbele. Nililipa nauli mbili kwa miaka mingi na sikuijutia hata moja, ingawa ningeijua hesabu hiyo mapema ningenunua kiwanja mwisho wa njia.

Ukitafuta nyumba mjini, usiulize tu ni umbali gani hadi kazini. Uliza gari linaanzia wapi, kisha usogee huko.

3. Kila nafuu ya barabara ina majirani wake

Nimeona tiba nyingi za usafiri wa Dar. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kwa sababu UDA, shirika la mabasi ya jiji, ilikuwa imezidiwa. Mwaka 2012 ikaja treni ya mjini, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni. Mei 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, barabara yake peke yake, na nauli ya siku hizo: njia kuu shilingi 650, njia mlisho 400, ukiunganisha 800. Ikafuata njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na Februari 2021 barabara za juu za Ubungo zikafunguliwa.

Mwendokasi ilipoanza nilimwambia mke wangu anitengee chakula cha jioni, nitakikuta kingali moto. Miezi ya mwanzo nilikikuta kweli, na nikaanza kujidai kwa wenzangu wa Mbagala wasiokuwa nayo. Kisha Kibamba na Kiluvya zikaanza kujaa nyumba. Watu ambao wasingethubutu kuishi kule walipiga hesabu kama yangu, wakahamia, na foleni ya kuingia kituoni Kimara ikarefuka. Chakula kikarudi kupashwa moto.

Binti yangu, aliyesomea mipango miji, alinieleza kwamba mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliliandika jambo hili mwaka 1962: barabara kubwa za mjini, saa za kwenda na kutoka kazini, magari huongezeka mpaka zijae tena. Miaka yote niliyosimama kwa mguu mmoja, jibu lilikuwa limekaa maktabani.

Nafuu ipo, ila ni ya msimu. Ikikukuta, itumie: soma jioni, anzisha biashara, lala. Usikope benki kwa imani kwamba mwendo wa mwaka huu ndio utakaokuwepo mkopo ukiisha.

Na jingine la pembeni. Kiwanja changu kilikuwa ndani, mbali na lami, na kila nilipokanyaga tope nilimlaumu dalali aliyeniuzia. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya zilipigwa alama ya X na kubomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara kule ilifika mita 121.5 kila upande. Tope langu niliacha kulilalamikia siku hiyo.

4. Lijue gari la mwisho

Gari la kwanza hukupeleka kazini. La mwisho ndilo linaloamua kama utasoma masomo ya jioni, kama utakubali zamu ya ziada, kama msiba wa upande wa pili wa jiji utauhudhuria. Mimi nililijua siku liliponiacha, nikatembea kutoka Ubungo nikiimba kwa sauti ili mbwa wajue napita. Leo bodaboda zipo usiku kucha, lakini iulize bei yake kabla hujasaini mkataba wa chumba.

5. Jiji nalo linasafiri

Zamani kutoka huku kwenda Mwanza ulikuwa na subira ya kivuko cha Busisi mfukoni. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya ziwa, kwenye Daraja la J. P. Magufuli, takriban kilomita tatu. Mwezi uliopita mjomba wangu mdogo, ambaye kwa umri ni mtoto wangu, alinionyesha picha ya kiwanja upande wa Busisi. Anafanya kazi Mwanza mjini. “Dakika chache tu unavuka,” akasema, na macho yake niliyatambua, yalikuwa yangu ya siku za Temboni.

Sikumkataza. Nilimwambia aende Jumapili jioni alale kule kwa mtu, Jumatatu aondoke na gari la abiria, si la rafiki, aangalie linaanzia wapi na linajaa wapi, na jioni arudi nalo usiku umeingia. Kisha aulize viwanja vitatu vya jirani vimeuzwa kwa nani, maana hao ndio atakaopanda nao. Alikuwa ameshalipa arubuni.

Migomba, nikamwambia, aipande upande wa mlangoni.