AKITOKA JELA, DENI LIMEKWISHA?

Ndugu wanakikundi, tukiwatembelea huwa tunaulizwa: "Kijana wetu ametoka jela. Tumpokee ama tumwogope?" Leo tulijadili swali hili pamoja.

Mfano
Kijana mmoja alivunja duka la kikundi cha akina mama, akaiba cherehani mbili na kuziuza. Alifungwa miezi 18, akatoka baada ya miezi 12. Huko ndani alifundishwa useremala. Aliporudi aliomba kazi kwa kikundi kile kile. Alisema, "Ilikuwa shida na marafiki wabaya. Na nimeshafungwa, deni limekwisha." Mama mmoja akamjibu, "La serikali limekwisha. Langu je?"

Jela inaweza nini?
Inaweza kumfundisha mtu kazi, kama useremala, ushonaji au kilimo. Kwa sheria ya Kenya, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja, isipokuwa wa baadhi ya makosa makubwa, anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo akifanya kazi na kuwa na mwenendo mzuri. Ndiyo sababu miezi 18 ikawa 12. Pia kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, korti inaweza kumwagiza mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo, kama kutengeneza barabara au kupanda miti, badala ya kufungwa.

Haiwezi nini?
Askari jela huona mwenendo, haoni moyo. Mtu anaweza kutii kengele mwaka mzima na asikubali kosa lake hata siku moja. Kusema "nilikosa" hakuna afisa wa probesheni, padri wala mama mzazi atakayemsemea.

Na umaskini je?
Tusiudharau. Unasukuma watu wengi. Lakini kijana huyu ana ndugu wanne waliolala njaa ile ile, na hawakuvunja duka. Tukimwambia kwamba hakuwa na la kufanya, tunamwambia pia kwamba kesho hatakuwa na la kufanya. Hiyo si huruma.

Sisi tufanye nini?
1. Tusimwite "mwizi" kila akipita. Mtu asiye na pa kurudi hurudi alikotoka.
2. Tumsikilize kwanza aliyeibiwa. Asilazimishwe kusamehe ili kikao kiishe.
3. Tukubaliane malipo mbele ya mashahidi, hata kidogo kidogo.
4. Tumpe kazi, lakini tusimpe ufunguo wa sanduku. Uaminifu hurudi polepole.
5. Akikataa kabisa kubadilika, tusijilaumu. Mlango tumefungua, miguu ni yake.

Yule kijana alikasirika, akaondoka. Baada ya miezi miwili alirudi mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Niliwaibia, na nilijua ninachofanya." Sasa anawatengenezea meza, na sehemu ya malipo yake hukatwa. Cherehani moja imeshalipwa. Ya pili bado, na ufunguo wa duka bado uko kwa mweka hazina.

Maswali ya kujadili
1. Kwetu nani ametoka jela, na tunamwitaje?
2. Aliyeibiwa aliwahi kuulizwa anataka nini?
3. Ni kosa gani letu wenyewe tunalosingizia shida?