Somo la Nyumbani: Saladi ya Avokado kwa Desturi ya Kuba



Wengi wenu mnayo miti miwili mitatu ya avokado kando ya boma, na wengine mmepanda shamba zima. Vitabuni tunda hili huitwa parachichi, lakini hapa kwetu sote twalijua kwa jina la avokado. Majani ya chai huleta fedha, ng'ombe huleta maziwa, na mahindi hujaza ghala. Avokado nazo, dalali akifika na gari lake, huchumwa zote siku moja, kubwa na ndogo, na nyumbani hazibaki hata za watoto. Jioni ile ile watu wa nyumba hula ugali na mboga chache.

Somo la mwezi huu lasema jambo moja: kabla ya kuuza, weka fungu la nyumba yako, nawe ujue kulitengeneza vizuri.

KWA NINI AVOKADO?

Matunda mengi yana maji na sukari. Avokado ina mafuta. Mafuta hayo ni chakula chenye nguvu, tena yana kazi nyingine: husaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo katika karoti, malenge, sukuma wiki na managu. Vitamini hiyo ni ya macho, na ya kuupa mwili kinga ya magonjwa. Mtoto akila mboga zilizochemshwa kwa maji matupu, bila mafuta yoyote, sehemu kubwa ya faida hiyo humpita. Basi kipande cha avokado kando ya mboga si anasa.

WATU WA KUBA HUFANYAJE?

Kuba ni kisiwa kikubwa katika Bahari ya Karibi. Watu wake hupenda wali na maharagwe meusi, kama sisi tupendavyo ugali na maharagwe. Kando ya chakula hicho huweka sahani ya avokado iliyokatwa, pamoja na vitunguu vibichi, chumvi, ndimu au siki, na mafuta ya zeituni. Wengine huongeza nanasi. Ukiijua kachumbari, basi saladi hii ni ndugu yake.

Iko tofauti moja. Avokado za Kuba aghalabu ni kubwa, zenye ngozi laini na maji mengi. Zetu ni Hass na Fuerte, na hizi zina mafuta zaidi. Hass ilianzia California, katika bustani ya Rudolph Hass, aliyeiandikisha mwaka 1935. Fuerte ilitoka Mexico mwaka 1911. Jina lake maana yake ni "yenye nguvu," kwa kuwa miche yake ilistahimili baridi kali ya mwaka 1913 huko California. Kwa sababu ya mafuta yake mengi, sisi hatuna haja ya kuongeza mafuta mengi.

KUCHAGUA TUNDA

Avokado haiivi mtini. Hukomaa mtini, kisha huiva baada ya kuchumwa. Tunda lisilokomaa haliivi kamwe. Hunywea, huwa kama mpira, na ladha yake ni mbaya. Ili kujua kama mti wako u tayari, fanya hivi:

1. Chuma tunda moja kubwa, ulipasue. Ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, bado. Ikiwa nyembamba na ya rangi ya kahawia, limekomaa.
2. Chuma mengine mawili, uyaweke ndani ya nyumba siku saba hadi kumi. Yakilainika bila kunywea, anza kuvuna.

Usiutikise mti. Kata kila tunda kwa mkasi, ukibakisha kikonyo kifupi, maana tunda lililoanguka huoza mapema. Ukitaka liive upesi, lifunge katika karatasi pamoja na ndizi mbivu. Hass ikiiva hugeuka kuwa nyeusi. Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo ibonyeze polepole kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole.

VITU VINAVYOTAKIWA (watu sita)

Avokado mbivu 3 za Hass, au 2 kubwa za Fuerte
Nusu ya nanasi lililoiva
Kitunguu 1 chekundu
Ndimu 2
Chumvi, nusu ya kijiko cha chai
Mafuta ya alizeti, kijiko 1 kikubwa (si lazima)

Vitu hivi vyote hupatikana shambani, au katika soko la Litein, Bomet au Kericho.

KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda yote kwa maji safi kabla ya kuyakata, maana kisu hubeba uchafu wa ngozi na kuuingiza ndani. Chakula hiki hakipikwi. Maji ya mto yasiyochemshwa yaweza kuleta homa ya matumbo.
2. Kata kitunguu vipande vyembamba. Kitie katika maji safi yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, kisha yamwage maji. Ukali utapungua.
3. Menya nanasi, ondoa moyo wake mgumu, ukate vipande vidogo.
4. Kamua ndimu katika bakuli. Tia chumvi na mafuta, ukoroge.
5. Sasa kata avokado, mwisho kabisa. Iweke juu ya ubao, usiikate ukiwa umeishika mkononi. Toa kokwa, menya, ukate vipande vinene.
6. Tia avokado katika bakuli mara moja. Ndimu huizuia isigeuke nyeusi upesi.
7. Ongeza nanasi na kitunguu. Geuza polepole kwa kijiko, usiponde.

Ileni saa ile ile, pamoja na ugali na maharagwe, au wali, au viazi. Saladi hii haifai kulala. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi sita mpe avokado peke yake, iliyopondwa vizuri, bila chumvi.

MAGANDA YAENDE WAPI?

Wafugaji, angalieni sana hapa. Majani, maganda na kokwa za avokado zina sumu kwa ng'ombe, mbuzi na sungura. Ng'ombe anayekamwa akizila aweza kuvimba kiwele na kupungukiwa na maziwa. Usizitupe horini wala malishoni. Zifukie katika shimo la mbolea lenye uzio.

FUNGU LA NYUMBA

Njia iliyo rahisi ni kuchagua mti mmoja uwe wa nyumba. Ufunge kitambaa, na mwambie dalali kabla hajapanda: mti huu hauuzwi. Mama na baba wapatane juu ya jambo hili mapema, siku fedha bado haijaonekana.

Na katika miti ya kuuza, usikubali matunda machanga yachumwe pamoja na yaliyokomaa. Mnunuzi wa ng'ambo akipata avokado isiyoiva, hulaumu Kenya nzima. Ndiyo maana Novemba 2022 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilifunga uvunaji wa Hass na Fuerte za kupeleka nchi za nje, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha. Mkulima ajuaye kupasua tunda moja na kutazama kokwa hadanganywi na mtu mwenye haraka.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Avokado huiva wapi, mtini au nyumbani?
2. Rangi ya ngozi ya kokwa yakuonyesha nini?
3. Kwa nini avokado hukatwa mwisho?
4. Ng'ombe wa maziwa akila maganda, hupatwa na nini?
5. Katika boma lako, mti wa nyumba ni upi?

Swali la tano halina jibu katika gazeti hili. Lijibuni ninyi wenyewe, shambani, kabla ya gari la dalali kufika.