Kufungua Michoro ya Mafundi Bila ya Gharama



Mwezi uliopita alitujia ofisini mwenzetu mmoja wa Kizimbani, mkononi kachukua flashi. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa sakafu yake mpya ya kuanikia karafuu, na fundi ataka saini. Dukani mjini aliambiwa kuwa mchoro hauonekani mpaka inunuliwe AutoCAD. Si kweli, na twaona yafaa sote tujue.

Jina la faili la mchoro huo huishia na herufi DWG. Ni faili la AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982. Tangu 2016 leseni zake mpya hukodishwa tu. Fundi aihitaji kwa kuchorea. Sisi twataka kuona na kupima, na hayo hayana malipo.

Watengenezaji wenyewe, Autodesk, hutoa bure DWG TrueView kwa kompyuta za Windows. Hufungua mchoro, hupima, na huchapisha. Ni nzito, basi ipakueni penye intaneti nzuri. Nyepesi zaidi ni LibreCAD, nayo ni bure, lakini hiyo hupendelea faili za DXF, na za DWG mara nyingine huzikataa. Kwa hivyo mwambieni fundi awape mchoro kwa DXF pamoja na PDF. Kwake ni kazi ya dakika chache. Ziko pia tovuti za kutazamia michoro, ila mjue kuwa ramani ya shamba lako waipeleka katika kompyuta ya mtu mwingine.

Mchoro ukifunguka, msiutazame kama picha. Chagueni kipimo cha umbali, bonyezeni pembe moja ya sakafu, kisha ya pili. Michoro ya majenzi mara nyingi huwa kwa milimita: 20,000 ni mita 20. Halafu tafuteni mshale wa mteremko, muone maji ya mvua yataelekea wapi.

Tulipofanya hivyo na mwenzetu, sakafu aliyoiagiza ya mita 20 ilikuwa 18, na mshale waelekea mlango wa ghala! Fundi, tuseme haki, alirekebisha bila ya maneno. Saini ikatiwa baadaye.

Maandishi yakitokea kama alama za kuuliza, msihofu. Ni aina ya herufi isiyokuwamo katika kompyuta yenu, mistari iko vilevile. Mwenye mchoro uliomshinda kuufungua na aje nao ofisini.